Kamba Niliyoifunga Kwenye Waya wa Ujiji

Asumani mwanangu,

Salamu tumepeana tangu asubuhi na kesho tutapeana tena, kwa hiyo hapa sizirudii. Umekwenda Gatete kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka ule mara mbili, basi nina nafasi ya kuandika mpaka urudi. Barua hii mama yako ataiweka ndani ya mzigo wako, juu ya kanzu. Isome Kabonga, mtakapolala kabla ya kuiacha pwani yetu. Nimechagua Kabonga kwa sababu kutoka hapo bado unaweza kurudi nyumbani kwa miguu, ukiona kurudi ndiko kwema.

Habari za dawa ya tumbo, za kutooga penye mamba, na za watu wa kutokula kwao, mama yako amekuambia mara tatu. Mimi nina habari moja tu.

Unakwenda Kigoma kufanya kazi ya waya wa simu. Nyapara wa kazi hiyo anaitwa Feruzi. Ulimwona mara moja, ulipokuwa na miaka tisa. Alikuja kibandani kwangu ukamletea maji ya kunywa. Yeye hajui kwamba wewe unakuja. Karani aliyepita hapa kuandika vijana aliandika "Asumani, Rumonge" basi, na akina Asumani ni wengi. Kati yangu na Feruzi kuna jambo, nami nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine.

Lilianza ulipokuwa na miaka saba. Waya ulikuwa umefika Ujiji kutoka kusini, na watu waliuzungumza kama wanavyozungumza habari za majini. Wengine walisema ndani yake mna tundu jembamba, maneno yanapulizwa humo kama pumzi ya mvukuto. Wengine walisema unavutwa upande mmoja, na upande wa pili kengele inalia. Mimi nilikuwa fundi wa vikuku, nimeshika waya maisha yangu yote, nikajiona naujua kuliko wote. Nilikuwa upande wa hao wa kuvuta.

Siku moja akaja mzee wa Gatete, Murundi mwenye ng'ombe wengi, akakaa kwenye kigoda changu.

"Amahoro, fundi."

"Amahoro, mzee."

"Mutoto wangu anaolewa mwezi ukiandama. Nataka vikuku vya miguu yote miwili, vipande juu mpaka karibu na magoti. Waya iko?"

"Iko," nikasema.

Haikuwako. Masango, ule waya wa shaba wa kufanyia vikuku, yalikuwa yameadimika pwani nzima. Lakini palikuwa na watu kibandani, wamekaa kuota moto wangu na kusikiliza, nami sikutaka wasikie fundi Songoro anasema hana. Neno moja tu. Ningesema "haiko, mzee, nipe muda," angekwenda zake na mimi ningebaki mtu mzima.

Nikapanda mtumbwi kwenda Ujiji kutafuta. Nilifikia kwa Feruzi. Tulikua pamoja huko Ujiji, tumetahiriwa siku moja, na nyumba yake ilikuwa kama yangu. Wakati huo alikuwa mlinzi wa waya, kipande cha kutoka mjini mpaka mto Luiche. Kazi yake ilikuwa kutembea chini ya waya kila siku, kuangalia juu, na kutoa habari. Kwa wafanyabiashara sikupata hata pima moja ya masango. Siku ya tatu, tunakula, Feruzi akaniambia kwa kulalamika tu:

"Iko nguzo moja pale mgongoni mwa kilima, imeinama. Waya umeshuka mpaka unaugusa kwa mkono. Nimewaambia mara mbili, hawajaja kuinyoosha."

Nilikuwa na tonge lake mdomoni aliponiambia hivyo.

Ijumaa, wakati wa sala, Feruzi msikitini, mimi nikaenda kilimani na tupa na koleo. Nilifanya kazi kwa ufundi. Kwanza nilifunga kamba ya magome kwenye waya, huku na huku, niliyoisugua kwa majivu na mafuta mpaka ikawa na rangi ya waya. Ndipo nikakata. Waya uliporuka ulinichana mkono wa kushoto. Lile kovu nililokuambia ni la kalibu, si la kalibu. Nikautazama mdomo wa waya nitafute tundu. Hapakuwa na tundu, ulikuwa chuma kitupu, kilichochovywa kitu cheupe kama fedha. Nikawacheka watu wa tundu. Nikaijaribu kamba kwa mkono, ikavutika vizuri, nikasema moyoni: maneno yatapita, sijamdhulumu mtu.

Nilichukua pima sita, nikazikunja ndani ya mfuko. Kesho yake Feruzi alinisindikiza mpaka ufukweni, na mfuko aliubeba yeye.

"Mbona mzito hivi?"

"Misumari," nikasema.

Vikuku vile vilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya. Nilivuta waya ukawa mwembamba, nikausokota, nikaupiga msasa wa mchanga mpaka ukawaka. Bibi harusi alipotoka, watu wa Gatete walipiga vigelegele kwa miguu yake kabla ya uso wake. Wewe ulikuwa umekaa karibu na fuawe nilipokuwa navimalizia, ukaniuliza, "Baba, kwa nini hizi nyeupe? Zingine zote nyekundu." Nikakupiga kofi. Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka, kwa sababu ulikuwa umeuliza kama fundi anavyouliza.

Habari ya Feruzi niliisikia kwa wapiga makasia walioleta chumvi. Walisema mlinzi wa waya wa Ujiji ameuza waya wa serikali, amepigwa viboko hamsa ishirini, yuko kwenye mnyororo. Mmoja akasema, "Jina lake Feruzi, weye si unamjua?" Nikasema namjua. Nikaendelea kupiga nyundo. Niliendelea kupiga nyundo miaka miwili.

Sasa nikueleze lililotokea huko, maana ndilo la kazi unayokwenda kuifanya.

Simu haivutwi wala haipulizwi. Mjini ndani ya chumba kuna safu ya vyombo vya kioo vyenye maji ya dawa, na ndani ya kila chombo kipande cha shaba na kipande cha madini meupe, yale yale yaliyopakwa kwenye waya. Humo ndimo nguvu inamozaliwa. Ni nguvu ya jamii ya radi, lakini ndogo na ya upole. Inatoka kwenye vyombo, inapita kwenye kitufe cha karani, inapanda nguzoni, inakwenda na waya safari ya siku nyingi kwa kufumba na kufumbua. Kule mwisho inaingia kwenye mashine na kuigonga, tak, halafu inashuka ardhini. Na hapa mjini vyombo vina waya mwingine uliozikwa kwenye udongo wenye maji. Ardhi yenyewe inairudisha. Hili lilinichukua muda kulielewa: nguvu haitoki nyumbani mpaka iwe na njia ya kurudi. Waya ukatike pa kwenda, au usifike ardhini pa kurudia, haitoki hata kidogo. Haifiki nusu ya njia ikasimama kumsubiri fundi. Haitoki kabisa. Karani akibonyeza kitufe, njia inaungana na mashine inagonga. Akiachia, njia inakatika na mashine inanyamaza. Kugonga kufupi na kurefu, ndiyo herufi.

Na nguvu hiyo haipiti kila kitu. Kwenye chuma na shaba inapita. Kwenye kaure haipiti, ndiyo maana waya umekalia vikombe vya kaure juu ya nguzo, nguvu isije ikateremka na mti mbichi mpaka chini. Kwenye kamba kavu haipiti. Kamba yangu ilikuwa na nguvu ya kuvuta ng'ombe, lakini kwa simu ilikuwa kama hakuna kitu.

Ijumaa ile ile mashine ikanyamaza. Kesho yake, mimi nikiwa nimekwisha kuondoka, wakamwita Feruzi. Akatembea kipande chake chote, akaangalia juu, akarudi akasema waya mzima. Wakamrudisha. Akatembea tena, akasema mzima, akaapa kwa Mungu. Asubuhi penye umande kamba ililowa ikapitisha kidogo sana, sindano ya mashine ikacheza, wakadhani ubovu uko kwenye vyombo, wakavifungua vyote. Siku tatu zikapotea hivyo. Mwisho akaja Mdachi mwenye kujua waya. Akafunga mashine ndogo katikati ya kipande, akaita mjini, akajibiwa. Akasogea mbele, akaita, akajibiwa. Akasogea tena, kimya. Basi ubovu uko kati ya hapa na hapa. Akatembea taratibu, akafika kwenye nguzo iliyoinama, akainua mkono, akashika kamba.

Feruzi alikuwa amesimama nyuma yake.

Aliyekwisha kuapa kwamba waya mzima atasema nini tena? Hawakumuuliza sana.

Miaka miwili baadaye alikuja Rumonge kuchukua mawese ya watu wa kazi. Walikuwa wamemrudisha kwenye waya, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua njia ile, na wakamfanya nyapara. Sokoni alimwona mwanamke wa Gatete amekaa na kapu la samaki, amenyoosha miguu. Aliitazama miguu ile kwa muda mrefu mpaka mumewe akataka ugomvi. Ndipo akauliza fundi ni nani.

Alikuja kibandani akakaa kwenye kigoda. Wewe ukamletea maji. Alikunywa yote, akasema "Asante, mwanangu," akangoja mpaka ukatoka.

"Songoro, ule waya wangu."

"Waya gani?"

"Mimi nimetembea chini yake miaka. Naujua kama unavyojua meno yako. Uko kwenye miguu ya yule mwanamke."

"Nilinunua kwa Mwarabu mmoja," nikasema. "Kama aliiba, mimi sijui."

Hakupandisha sauti. Akasema, "Nataka kuuliza jambo moja tu. Kwa nini ulifunga kamba?"

Nikageukia mvukuto.

"Ungekata ukaacha wazi, ningeona siku ile ile. Ningekwenda mbio kuwaambia, waya umeibiwa, wangeunga jioni, na mimi ningepewa shukrani. Wezi wanakata kila mwezi, hakuna mlinzi anayepigwa. Mimi sikupigwa kwa sababu ya waya, Songoro. Nilipigwa kwa sababu ya kamba."

"Sijui unasema nini," nikamjibu.

Akasimama. Shati lilikuwa limelowa jasho limeshika mgongo, nikaona mistari. Akatoka.

Mama yako alikuwa nyuma ya ukuta wa matete akichambua mchele. Akaingia na ungo mkononi.

"Mwarabu gani?"

"Mwavita, niache."

"Miye nilikufungulia ule mufuko. Ulisema umenunua kwa Muhindi. Leo iko Mwarabu." Akaweka ungo chini. "Yule mutu alikula karamu ya harusi yetu pamoja na sisi. Alinibeba begani kutoka mtumbwini nisilowe. Kama ni weye, mwambie. Kama si weye, niangalie usoni uniambie."

Sikuweza kumwangalia usoni. Hakunipikia siku ile, na hakusema neno lingine. Nimekaa na mama yako miaka mingi, Asumani, na kimya kile ndicho kilichonisukuma. Usidhani ni moyo wangu ulioamka wenyewe.

Kesho yake nilimkuta Feruzi ufukweni anapakia mitungi ya mawese. Nikasema mbele ya wapiga makasia wote: "Mimi ndiye niliyekata, na kamba niliifunga mimi. Na mfuko uliubeba wewe."

Nilidhani atanipiga. Akaweka mtungi chini polepole, akanitazama, akasema, "Misumari."

"Ndiyo."

"Mimi kusikia hakunisaidii. Pale bomani jina langu limeandikwa mwizi. Panda mtumbwi, ukaseme huko."

Hapa niseme ukweli: niliogopa, nikarudi nyumbani kwanza nikajidai natafuta kanzu. Nilikaa ndani kwa muda. Nilipotoka nilitumaini mtumbwi umekwisha kuondoka. Ulikuwa unangoja.

Wewe uliambiwa baba amekwenda Ujiji kufanya biashara. Haikuwa biashara. Bwana wa boma alikuwa mgeni, hakuijua kesi ile. Alicheka kuona mwizi amejileta mwenyewe. Kisha akasema sheria haicheki, nikapewa hamsa ishirini na nusu mwaka wa kazi ya waya bila ujira, chini ya Feruzi. Jina lake likafutwa kwenye kitabu, mbele yangu na mbele yake. Nililala kifudifudi uani, na kabla kiboko hakijaanza nikaona miguu ya Feruzi inaondoka. Nilifikiri ananidharau. Wiki nyingi baadaye, tukichimba shimo la nguzo, nilimuuliza kwa nini aliondoka.

"Niliogopa nitafurahi," akasema, akaendelea kuchimba.

Miezi ile sita ndiyo iliyonifundisha niliyokueleza juu. Feruzi hakunificha kazi. Alinionyesha jinsi ya kufunga maungo, pale waya unapoungana na waya, chuma juu ya chuma, ukikwangua kwanza kutu na uchafu, maana maungo machafu yanaonekana mazuri kwa macho na hayapitishi. Alinifundisha kuangalia majani yaliyolowa yanayogusa waya: nguvu inapita popote inapopata wepesi wa kurudi ardhini, haichagui. Kosa lolote nililofanya alinirudisha nilitengeneze mwenyewe. Nilipofunga ungo la waya ovyo kwa haraka, jioni moja, alipanda akalifungua lote, akashuka, akasema, "Fundi wa vikuku, tena." Hakuniita jina langu miezi mitano.

Mara moja tulipigwa na radi kilimani. Ilishuka kwenye waya, ikavunja vikombe vitatu vya kaure na kumwangusha mwenzetu mmoja chini ya nguzo. Feruzi alimfikia wa kwanza, mimi wa pili. Tulimbeba wote wawili mpaka Luiche, na alipofumbua macho tukacheka kama wendawazimu. Siku ile aliniita Songoro.

Muda wangu ulipokwisha alinisindikiza mpaka ufukweni. Nikamwambia aje Rumonge, Mwavita atampikia ndagala wa ziwani kwa mawese mapya.

"Sitakuja," akasema. "Nimemaliza kukasirika, hilo jua. Lakini kula kwako siwezi."

Akanipa mkono. Hajaja mpaka leo, nami sijamlaumu. Zamani nilidhani mtu akisema kweli, yote yanarudi yalivyokuwa. Hayarudi yote. Mimi nilipata usingizi, yeye alipata jina lake, urafiki haukupona. Bado naona ilifaa.

Sikuandika haya ili uwe mwoga wa kukosea. Utakosea. Utafunga ungo la waya vibaya, utasahau kikombe, utaangusha waya mbele ya wakubwa. Jambo likikukatikia mkononi, liache wazi lionekane, piga kelele, sema ni mimi. Watakutukana. Matusi ya siku moja hayajamwua mtu. Mimi niliiibia serikali waya, na hilo si kubwa sana, walileta mwingine. Kubwa ni kwamba nilifanya palipokatika paonekane pazima, na mtu mwingine akasimama hapo akaapa.

Kuna mambo mengine ya kwangu ambayo ningeweza kuandika, ya hasira, ya maneno niliyomwambia baba yangu kabla hajafa. Lakini nimesikia sauti yako njiani, unawasalimia watu wa jirani, na wino unakwisha.

Sasa ya Kabonga. Ukikaa ukafikiri ukaona huwezi kufanya kazi chini ya mtu niliyemfanyia hivi, rudi. Hakuna atakayekucheka hapa. Mama yako atafurahi na atajidai hajafurahi. Ukiamua kwenda, nenda. Nilitaka kumwandikia Feruzi barua ya kukuombea, nikaiacha. Usimwombe radhi kwa ajili yangu, hiyo nimeomba mwenyewe. Usimwambie habari za kwangu asipouliza. Huenda atakupa shimo la nguzo gumu kuliko wenzako. Chimba. Huenda atakuwa mwema kwako kupita wenzako. Hilo nalo ni gumu, livumilie.

Jambo moja tu ndilo ninaloliomba. Mtakapopangwa mstari asubuhi ya kwanza, atapita na kitabu chake akiuliza kila mtu jina. Wengine watajibu jina moja. Unaweza kusema "Asumani" akaandika akapita, na mwaka mzima usijulikane. Usifanye hivyo. Mtazame usoni, umwambie: Asumani bin Songoro, wa Rumonge.

Halafu nyamaza, umwache aseme yeye.

Baba yako,
Songoro